Kreti la Soda Lililomposa Raheli

Kijiji cha Nhinhila,
S.L.P. Kongwa,
Dodoma.

17 Agosti, 2003

Mpendwa mjukuu wangu na mume mwenzangu Yotham,

Mbukwa! Najua huko Geita hakuna wa kukuamkia kwa lugha ya nyumbani, ndiyo maana nimeanza nayo, masikio yako yasije yakaota kutu. Shikamoo yako nimekwisha kuipokea hata kabla hujaitoa. Marahaba, marahaba sana. U hali gani? Kifua hakikusumbui na vumbi la mgodi? Au vumbi la dhahabu ni tamu kuliko hili letu? Unakula? Nani anakupikia? Hilo la mwisho usinijibu, maana mkeo ataisoma barua yako kabla mimi sijavaa miwani.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi tunachoruhusiwa na umri. Magoti yangu yamegoma kabisa kuinama, ila kukaa yanakubali. Macho bado yanaona vya mbali vizuri, hasa nyama iliyo kwenye sahani ya jirani. Bibi yako Dorothea anagomba asubuhi na jioni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yake. Mwanao Jenifa amerefuka na ameanza kunijibu. Majibu yenyewe ni yale yale uliyokuwa ukimjibu marehemu baba yako.

Uwele tumevuna kiasi. Mtama ndege walitutangulia. Karanga zilikuwa nzuri, na ng'ombe yule mwekundu aliyevunjika pembe amezaa ndama jike, kwa hiyo nyumbani kwako si maskini kama unavyowaambia wenzako huko. Upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe: ukifungua mdomo kusalimia mtu unaufunga ukiwa umeshiba mchanga.

Barua yako kondakta wa basi alituletea. Bibi yako alilia. Mimi nikamcheka, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikakaa peke yangu kidogo. Unasema kazi ya kuendesha malori imekaa vizuri, umepewa nyumba ya wafanyakazi yenye sakafu ya saruji, na sasa unataka Raheli na Jenifa waje kwako kabla ya mvua. Umeuliza swali moja tu: mke wangu anakuja lini?

Mjukuu wangu, sijui. Tena si ile sijui ya mtu mvivu aliyelala. Ni sijui ya mtu aliyezunguka kuulizia mpaka mwenyewe akapotea. Naandika haya nikitumaini kwamba nikiyaona kwenye karatasi nitayaelewa. Ukiyaelewa wewe kwanza, nijulishe kwa basi la kwanza.

Mambo yote yameanza na ruzuku. Neno hilo mimi silijui kwa kusimuliwa. Ruzuku ilikuwa ya mbolea: serikali inakulipia upande, wewe unalipa upande, na mbolea inafika mvua zikiwa zimekwenda zake. Kisha wakaja wengine wakasema ruzuku basi, sasa ni soko huria, kila mtu na mbolea yake. Tukaizika. Mwaka jana, tabibu wa kituo chetu cha afya, bwana Tumsifu, yule Mchaga mrefu aliyekuja ulipokuwa unaondoka, akaitisha mkutano akasema ruzuku imefufuka. Ila safari hii si ya mbolea. Ni ya kompyuta, kwa vituo vya afya.

Nikanyosha mkono. Nikauliza, "Hiyo kompyuta inatiwa shambani kabla ya kupanda au baada?" Watu wakacheka. Tumsifu hakucheka, kijana yule ana adabu inayochosha. Akanijibu, "Mzee Bartolomayo, hii ni ya kutunza habari za wagonjwa." Nikamwambia habari za wagonjwa wa Nhinhila zinatunzwa na mke wangu, zote, pamoja na za wazima.

Lakini mashine ikaja kweli. Likaja gari, wakaweka kioo cha kunasa jua juu ya bati la kituo, wakapaka chumba kimoja rangi, wakaziba madirisha vumbi lisiingie. Chumba kile kimekuwa kisafi kuliko altare. Wakaeleza masharti. Serikali haitoi hela mkononi. Inatoa mashine, inamfundisha mtumishi wa kuiendesha, halafu inakuja kukagua kama kweli mnaitumia. Wakiikuta imefunikwa kitambaa inaondoka. Wakiikuta inafanya kazi, inakuja awamu ya pili, ambayo ni friji jipya la chanjo na mafunzo kwa wahudumu wengine.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuyumba. Unanipa kitu, kisha unarudi kutazama kama nakitumia? Ile suruali uliyoniletea Krismasi, nayo utakuja kuikagua? Usije. Imekwisha kushonwa mito ya kulalia.

Sasa, nani afundishwe? Kwenye kituo yupo Tumsifu, yupo mhudumu mzee ambaye hata simu ya mkononi anaishika kama kaa la moto, na yupo muuguzi, yaani mke wako. Ikawa Raheli. Lakini mafunzo ni Dodoma mjini, tena ya miezi, na mumewe yuko mbali. Tumsifu akawashauri wakubwa wake waje nyumbani wazungumze na wazee kwanza. Lilikuwa wazo la heshima. Ndilo lililotuponza.

Wakaja. Mganga mkuu wa wilaya, Daktari Octavian, mtu mnene mwenye miwani, na binti wa ofisini kwake anaitwa Frida. Nyuma ya gari wakashusha kreti la soda. Nilikuwa nimekaa na Mzee Sostenes, yule mshenga wako aliyekuposea. Alipoliona kreti akanifinya paja.

Hebu nikukumbushe maana umekaa sana na watu wa ziwani. Kwetu, mgeni akija kwa habari ya binti akiwa na kinywaji, hajibiwi kwa mdomo. Ukikinywa umekubali. Ukikiacha mlangoni, mwenyewe anaijua njia. Daktari alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mifugo, hakuwa na haraka hata kidogo. Yaani alifanya kila kitu kama wanavyofanya watu waliolelewa. Kisha akasema wamekuja kwa ajili ya Raheli, serikali inataka kumsomesha, na wanaomba baraka za wazee. Frida akafungua chupa akatugawia.

Mjukuu wangu, jua lilikuwa kali. Nikanywa. Ya chungwa. Nikaongezwa, nikanywa na ile nyingine. Sostenes naye akanywa, tena akasafisha koo kwa sauti kubwa kama mtu aliyepokea ng'ombe. Daktari akanywa pamoja nasi. Walipoondoka, Sostenes akanigeukia akasema, "Bartolomayo, unajua tulichofanya?" Nikamwambia tumekunywa soda. Akasema, "Tumemwoza mke wa mtu."

Nikacheka mpaka presha ikapanda. Nilidhani ni utani wake. Mimi siku zote nashindana na wewe tu kwa huyu mke wetu, na kwako nilikuwa na hakika ya kushinda, maana niko karibu na jiko. Sasa ameingia mume wa tatu, na ana gari.

Raheli akaenda Dodoma. Siku moja nilipeleka karanga sokoni Majengo, nikapita kumwona. Nikawakuta darasani, wauguzi watu wazima na matabibu wenye mvi, kila mmoja ameinamia kioo chake kama anasubiri maziwa yachemke. Raheli aliponiona mlangoni akatoka.

"Babu, umekuja kuniangalia mimi au chakula cha semina?"

"Nimekuja kwa ajili yako. Ila chakula kikipita njia hii sitakifukuza."

Alinikalisha mbele ya mashine yake akaandika jina langu. Nikaliona kwenye kioo, Bartolomayo Ndahani, herufi zinang'aa. Nikamwambia afute upesi kabla watu wa kodi ya kichwa hawajaliona. Wanasema mwaka huu kodi hiyo imefutwa, lakini mimi kitu kilichofutwa na serikali sikiamini mpaka nizeeke zaidi. Mkeo alikuwa amekonda kidogo, na alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu ulipopanda basi. Hili nakwambia bila utani.

Akarudi na cheti, na kazi ikaanza. Kueleza mashine inavyofanya siwezi, nitakueleza ninachokiona. Zamani dawa zilikuwa zinaisha, ndipo Tumsifu anapanda baiskeli kwenda Kongwa kulia, anaambiwa taarifa za kituo chako hazijafika, rudi. Sasa Raheli anaandika mambo yake, anayatia kwenye kidiski chembamba kama kipande cha mkate mkavu, kinakwenda wilayani kwa pikipiki, na dawa za malaria zinaingia mlangoni wakati maboksi ya kwanza hayajaisha. Nilimwuliza, "Mashine inapika dawa?" Akasema hapana, inasema tu mapema. Sasa kama kusema mapema kunaleta dawa, mbona bibi yako anasema mapema kila siku na hakuna linalokuja?

Tena anajua mtoto gani hajachomwa sindano. Wale wafugaji wa ng'ambo ya mlima, ambao walikuwa wanakuja kliniki wakikumbuka, sasa majina ya mama wa watoto yanasomwa kanisani Jumapili baada ya matangazo ya ndoa, na wenye aibu wanakuja Jumatatu. Hata mimi nimo humo ndani. Nikikosa siku yangu ya presha, Raheli ananifuata kilabuni, anasimama mlangoni na sare yake nyeupe, ananiita kwa jina lote mbele ya wanywaji wenzangu. Wanasema, "Mzee, serikali imekuja." Nanyanyuka. Ningefanyaje?

Sasa ndiyo inakuja barua yako. Na pamoja nayo likaja sharti ambalo sote tulikuwa tumelisikia lakini hatukulitafuna. Kijana mmoja wa kituo kingine, aliyesomeshwa kabla ya Raheli, alipomaliza tu mafunzo, hospitali ya watu binafsi huko mjini ilimnyakua kwa mshahara mnono. Mashine yake ikabaki inaota buibui. Basi serikali ikasema: aliyesomeshwa kwa ruzuku atakaa kituoni kwake miaka mitatu. Akiondoka kabla, hafungwi, hapigwi, lakini mashine nayo inaondoka, inapelekwa kwenye kituo chenye mtu. Na ile awamu ya pili tuisahau. Raheli alikuwa analijua hilo tangu mwanzo. Alituambia jioni ile ile aliyorudi, na mimi nikasema ndiyo, ndiyo, huku natafuta chumvi.

Tulipoisoma barua yako, nikamwita Sostenes. Yeye ndiye aliyekuposea, yeye ndiye anayejua milango ya kutokea. Akafikiri sana, akasema, "Tulikunywa. Ukitaka binti yako, unarudisha kinywaji." Nikaona ni haki kabisa. Tukauza jogoo na vikorokoro, tukatafuta kreti. Hapo tukagombana, kwa sababu Sostenes alisema lazima ziwe soda za rangi zile zile zilizoletwa, na mimi nilikumbuka za chungwa tu, na yeye alikumbuka nyeusi. Mwishowe tukachanganya.

Tukapanda basi la Kongwa, wazee wawili na kreti katikati. Kondakta akatuuliza kama tunakwenda harusini. Sostenes akamjibu, "Tunakwenda kuivunja." Mama mmoja akahamia kiti cha nyuma.

Ofisini tulimkuta Frida mezani.

"Shikamooni wazee. Mna mgonjwa?"

"Marahaba. Mgonjwa hatuna," nikasema. "Tuna kinywaji chenu."

"Kinywaji chetu kipi, babu?"

"Mlichotuletea. Tumekirudisha. Chupa zote zina vizibo, unaweza kukagua, nyinyi si mnapenda kukagua?"

Akatutazama kama watu waliotoroka wodini. Akaenda kumwita Daktari Octavian. Daktari akaja, Sostenes akasimama, akavua kofia, akasema maneno yote yanayotakiwa kusemwa na mshenga anapovunja uchumba, kwa utaratibu, bila kuruka hata moja. Kwamba hatuna ugomvi na ukoo wake. Kwamba kinywaji kilikuwa kitamu. Kwamba binti ana mume na mume amemwita, na sisi tunaomba radhi, tunarudisha.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwona Sostenes hacheki. Akaivaa tena, akavuta kiti, akakaa karibu nasi.

"Wazee wangu," akasema, "serikali haioi."

"Basi mbona ina wivu?" Sostenes akauliza.

Mimi nikajipongeza kwa kuwa na rafiki kama yule. Kisha Daktari akatueleza polepole. Kwamba yeye hamshiki Raheli. Akitaka kuondoka kesho atamwandikia ruhusa kwa mkono wake. Lakini mashine itakwenda kituo kingine, friji la chanjo litakwenda huko huko, na Nhinhila itarudi kwenye baiskeli ya Tumsifu. Nikamwuliza kama huko Geita hawana mashine, ili Raheli ahamishwe nayo kama mtu anavyohama na chungu chake. Akasema mpango wao haujafika huko, na huenda usifike leo wala kesho. Huko atapokewa kama muuguzi mwingine yeyote, kama nafasi itapatikana, na nafasi siku hizi zinapunguzwa.

"Kwa hiyo akibaki mume anakosa mke," nikasema, "na akiondoka kijiji kinakosa dawa."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na wewe ulitaka tukubali haya kwa soda?"

"Ile soda ilikuwa ya ukarimu tu. Kulikuwa na joto."

Nikasema sawa, basi na sisi tunarudisha kwa ukarimu, kuna joto. Akanyosha mikono kama mtu aliyeona nyoka. Hawezi kupokea kitu chochote ofisini, watasema anakula rushwa. Nielezee hapo, wewe uliyefika kidato cha nne. Kreti likitoka kwake kuja kwangu ni ukarimu. Kreti lile lile likitoka kwangu kwenda kwake ni rushwa. Njia ni moja, soda ni moja, hata joto ni moja. Nimelifikiria jambo hili siku nyingi na bado linanishinda.

Tukarudi nalo. Tulipoteremka, Sostenes akaniambia kwamba katika maisha yake yote ya ushenga hajawahi kukataliwa kurudisha.

Bibi yako alikuwa mlangoni. Akatutazama tulivyochakaa, akalitazama kreti.

"Mmezunguka na hilo dude wilaya nzima?"

"Tulikwenda kumkomboa mke wa Yotham," nikasema.

"Na Raheli mwenyewe mmemwuliza?"

Mimi nikamtazama Sostenes. Sostenes akatazama mawingu, na mwezi wa nane huku kwetu hakuna mawingu.

Bibi yako akamwita. Akaja na sare yake, ndiyo kwanza ametoka kazini, Jenifa amening'inia kwenye pindo. Nikamweleza yote: barua yako, safari yetu, maneno ya daktari. Nilipomaliza akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Babu, wewe ulikunywa soda. Mzee Sostenes alikunywa. Daktari alikunywa. Mimi nani alinipa?"

Bibi yako akaguna, ule mguno wake unaoujua, wa kutia msumari.

Raheli akachutama kwenye kreti, akachagua ya chungwa, akang'oa kizibo kwa mpini wa kijiko. Akanywa amesimama, taratibu, anatutazama machoni mmoja mmoja. Ilipofika katikati ya chupa akaacha. Akaingia ndani, akaiweka juu ya kabati karibu na picha yenu ya harusi, akaifunika na kisahani. Akatoka akasema, "Mimi nimekubali kubaki. Sijamkataa mume wangu. Nusu iliyobaki ni yake. Aje ainywe mwenyewe, au aje aimwage mwenyewe. Kwa barua sitaki." Kisha akaenda kuwasha moto, akapika mlenda, na ulikuwa mtamu kuliko siku zote, jambo lililozidi kunichanganya.

Yotham, unakumbuka siku ya kukabidhiana kwenu? Wazee wote wamekaa, Raheli akapewa kata ya togwa amwonyeshe anayemtaka. Akanywa nusu, akavuka uwanja mzima, akakupa wewe nusu. Ulikunywa bila hata kuvuta pumzi, togwa ikakumwagikia shati, shangazi zako wakakucheka mwaka mzima. Nilipoiona ile chupa juu ya kabati nikaikumbuka ile kata, na ninadhani ndicho alichokusudia. Lakini mimi ni nani wa kujua wanachokusudia wanawake? Nimeishi na Dorothea tangu enzi za Mwingereza na mpango wake wa karanga hapa Kongwa, na mpaka leo sijui kwa nini alinikubali.

Usiniulize mimi nataka nini. Sawa, umeniuliza. Nataka abaki, kwa sababu anapika na anajua presha yangu, na kwa sababu mwaka juzi walipozikwa wale watoto wa degedege tulikuwa hatuna dawa, na mwaka huu hatujachimba kaburi dogo hata moja. Pia nataka uwe na mke wako karibu, maana nakujua, ukikaa peke yako unavimba kichwa. Nimejaribu kuyataka yote mawili kwa pamoja na mgongo umeniuma.

Kuna kingine kinachonisumbua, nakisema ukasirike, ukimaliza utulie. Sisi tulitoa ng'ombe ili Raheli aje hapa kwetu. Amekuja. Yupo. Jiko lake linawaka, mtoto wake anacheza uani, kazi yake iko hatua chache kutoka mlangoni. Sasa mtu ambaye hayupo nyumbani ni nani? Nikitazama sana naona kama vile ni wewe uliyeolewa Geita. Waulize hao wa mgodi walikuja kwetu na kinywaji gani, maana mimi sikumbuki kunywa.

Malori hata huku yapo. Yanapita Kongwa kila siku yamebeba mahindi na ng'ombe, na madereva wake nawaona ni walevi wasiojua kurudi nyuma. Sikwambii kitu. Nimetaja tu malori.

Bibi yako Dorothea anakusalimu, anasema usisahau kuvaa kitu kifuani wakati wa baridi. Mzee Sostenes anakusalimu, bado anaona aibu, mtumie hata tumbaku. Tabibu Tumsifu anakusalimu kwa adabu, na nadhani anaiombea barua hii kuliko mimi. Jenifa anasema umletee viatu vyenye taa, sijui ni viatu gani hivyo, nilidhani taa inashikwa mkononi. Kreti liko chini ya kitanda changu na sijaligusa, bibi yako na Jenifa wanalilinda.

Mungu wa babu zako akuongozee usukani, akufungulie barabara, akupe breki zinazoshika. Akurudishe nyumbani ukiwa na meno yako yote na akili kidogo zaidi ya ulizoondoka nazo.

Ni mimi, babu yako nikupendaye na mume mwenzako nisiyekuonea wivu ila kidogo,

Bartolomayo Ndahani

Nimesahau: Raheli ameisoma barua hii yote, amekaa kwenye kizingiti. Sikumwona akicheka mahali popote ambapo mimi nilicheka. Alipomaliza alinirudishia, akaingia ndani, nikasikia kisahani kinaondolewa na kurudishwa. Nikamwuliza vipi. Akasema soda bado ina gesi, lakini haitakungoja sana.